Mark 4 na wenzake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bunduki kuukuu za kijeshi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya walenga shabaha wenye leseni, na wanaofikiria kuiomba, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na kaunti za magharibi. Yanahusu bunduki za bolti tu, zile za kusukuma na kuvuta kwa mkono baada ya kila risasi. Kabla ya hatua yoyote iliyotajwa hapa, toa magazini, fungua bolti, angalia chemba, yaani pango la risasi nyuma ya mtutu, kwa macho kisha iguse kwa kidole. Hatutairudia kila mara.

Raia wa Kenya anaruhusiwa kuwa na bunduki ya namna hii?

Anaruhusiwa akiwa na cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na wanaoamua ni Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti hutangulia, bunduki hufuata. Usilipe hata arubuni kwa kutumaini kwamba karatasi zitapatikana mbele ya safari. Sababu unayotoa ndiyo inayopimwa: kulenga shabaha katika klabu yenye renji, yaani uwanja wa kufyatulia, ni sababu inayoeleweka, ilhali uwindaji wa burudani umepigwa marufuku nchini tangu 1977, kwa hiyo usiuandike kwenye ombi. Silaha za kivita zinazojifyatulia, mfano AK-47 na G3, si za raia hata kidogo.

Kazi ya kurekebisha chuma, yaani mtutu, bolti, chemba na triga, ipelekwe kwa fundi aliyesajiliwa kuuza na kutengeneza silaha. Mbao, usafi na mafuta ni kazi ya mwenyewe. Namba ya bunduki haiguswi na tupa wala msasa, hata kama kutu imeifunika.

Babu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza), na tumekuta bunduki darini. Tufanye nini?

Iacheni mlipoikuta. Mtu mzima mmoja wa familia aende kituo cha polisi akaeleze, polisi waje kuichukua wenyewe. Msiifunge kwenye gunia mkapanda nayo boda hadi kituoni, kwa sababu ukisimamishwa njiani wewe ni mtu mwenye bunduki bila cheti, na maelezo kuhusu marehemu babu yatakuja baadaye. Pia msiifungue bolti kwa udadisi. Bunduki iliyolala miaka sitini inaweza kuwa na risasi chemba.

Ipi inafaa kwa mtu asiye na fedha nyingi?

Hapa kwetu jibu karibu kila mara ni Lee-Enfield ya risasi ya .303. Ndiyo iliyobebwa na askari wa KAR, ikarithiwa na polisi, na hadi leo watu wengi huiita Mark 4. Jina hilo ni la mtaani: bunduki yenyewe ni No. 4, nayo ina Mark I na Mark 2 zake. Inabeba risasi kumi, bolti yake ni nyepesi kuliko ya Mauser yoyote, na kilengeo chake cha nyuma ni tundu, si mfereji. Kwa macho ya mtu aliyepita miaka arobaini, tundu hilo peke yake linatosha kuichagua.

Kaka yake mkubwa ni No. 1 Mark III, ile yenye pua butu. Ni bunduki nzuri, lakini mtutu wake ni mwembamba, mbao zake zinadai uangalifu zaidi, na kilengeo cha nyuma ni mfereji uliokaa mbali na jicho. Mdogo wao ni No. 5, ile fupi ya msituni yenye kizuia mwako mfano wa faneli. Ni nyepesi na inapendeza, ila inapiga bega vibaya, na ilipata sifa ya kuhamisha shabaha yake yenyewe. Kwa renji, iache. Ukikutana na 2A au 2A1 iliyotengenezwa Ishapore, India, ujue hiyo ni ya risasi ya 7.62 ya NATO na magazini yake ni ya risasi kumi na mbili. Soma maandishi kwenye chuma kabla ya kununua risasi.

Mosin-Nagant ya Urusi ina sifa ya urahisi kwa sababu miaka ya 2000 nchini Marekani iliuzwa chini ya dola 100. Bei hiyo ilikuwa ya huko na ya wakati ule. Mtutu wa modeli yake ya 91/30 una urefu wa sentimita 73, sefti yake inahitaji vidole vya fundi wa matofali, na bolti hukwama chemba ikiwa na grisi kuukuu. Mauser K98k ya Ujerumani ni imara kuliko zote hizi, lakini risasi yake ya 7.92 ni ngumu kuipata kuliko .303. Kanuni yetu ni moja: tafuta kwanza muuzaji aliyesajiliwa atakayekuuzia risasi mwaka mzima, kisha chagua bunduki inayozitumia. Wengi hufanya kinyume.

Nikague nini kabla ya kulipa?

Anza na maandishi. Herufi DP kwenye chuma au mbao zina maana kwamba bunduki ilitengwa kwa gwaride na mafunzo. Hiyo haifyatuliwi tena, hata muuzaji akiapa. FTR ina maana kwamba iliwahi kurudishwa kiwandani ikafanyiwa ukarabati kamili, na hiyo ni habari njema. Linganisha namba ya bolti na namba ya mwili wa bunduki. Zikitofautiana si lazima uikatae, ila usiifyatue kabla ya kipimo tutakachoeleza hapa chini.

Kisha mtutu. Sukuma kitambaa kikavu, halafu uangalie ndani ukielekea mwanga wa dirisha. Mtutu wa No. 4 una mifereji ya ndani inayozungusha risasi, mitano au miwili, na mitutu ya vita yenye miwili si mibaya. Rangi ya kijivu iliyofifia si tatizo. Mitutu mingi yenye giza hupiga vizuri. Tatizo ni mashimo ya kutu yanayoonekana kama ngozi ya nyanya iliyoungua, hasa karibu na chemba, na uvimbe, ambao hujitokeza kama pete nyeusi ndani. Pete hiyo ikionekana, rudisha bunduki mezani.

Mdomo wa mtutu ndio unaosahauliwa zaidi. Askari walisafisha kwa kamba iliyovutwa kupitia mdomoni, na kamba yenye vumbi hukata chuma kama msumeno mwembamba. Chukua risasi ya bandia, isiyo na baruti wala fataki (kile kiwashio kidogo nyuma ya ganda), uingize ncha yake mdomoni mwa mtutu. Sehemu ya risasi ikibaki nje wazi kabla ya kufika kwenye ganda, mdomo una uhai. Ikizama mpaka ganda likaguse chuma, mdomo umeliwa. Fundi anaweza kuusawazisha upya kwa kupunguza milimita chache, lakini gharama hiyo itoke kwenye bei, si mfukoni mwako.

Malizia na mbao. Ondoa kifuniko cha juu uangalie kama ubao wa mbele umepasuka nyuma kabisa, pale unapokutana na kitako. Shika bunduki kwenye kiuno chake, pale pembamba nyuma ya triga, ujaribu kutikisa kitako. Kikicheza, skrubu ndefu iliyo ndani yake imelegea.

Na hapa ndipo wanunuzi wengi hujiharibia siku ya kwanza. Kwenye No. 1, skrubu ya kitako ina ncha ya mraba inayoshikwa na kibamba kilicho ndani ya ubao wa mbele. Ukizungusha skrubu hiyo ubao wa mbele ukiwa bado umefungwa, ncha hiyo inaupasua ubao. Ondoa ubao wa mbele kwanza, kila wakati. Fanya mazoea hayohayo kwenye No. 4 hata kama yako haina kibamba.

Kile kipimo cha bolti na ganda ni kipi, na kwa nini mnakisisitiza hivi?

Ganda la .303 lina ukingo mnene nyuma, na ukingo huo ndio unaozuia risasi isizame chemba. Pengo kati ya uso wa bolti na mahali ukingo unapokaa likizidi, ganda hujivuta kinyumenyume kila unapofyatua, mpaka siku moja linakatika vipande viwili. Gesi ya moto hutafuta njia ya kutokea, na uso wako uko karibu.

Fundi hupima kwa geji mbili za chuma. Bolti inapaswa kufungika kwenye geji ya inchi 0.064 na isifungike kwenye ile ya kijeshi ya inchi 0.074. Kwa milimita ni 1.63 na 1.88. Hakuna sarafu, utepe wala kipande cha karatasi kinachochukua nafasi ya geji. Uzuri wa No. 4 ni kwamba kichwa cha bolti hufunguliwa kwa kuzungushwa, na kimepigwa namba kuanzia 0 hadi 3. Kila namba inakaribia kuongeza inchi 0.003. Kwa hiyo pengo likizidi kidogo, kichwa kirefu zaidi kinaweza kumaliza kazi, kisha fundi apime upya. Vichwa vya No. 1 havina namba. Fundi huchagua kimoja baada ya kingine.

Baada ya kufyatua, angalia maganda yako. Pete inayong'aa kuzunguka ganda, takriban sentimita moja juu ya ukingo, ni dalili ya kukaribia kukatika. Acha kufyatua siku hiyohiyo.

Imekuja ikiwa imepakwa grisi nzito ya ghala. Niitoeje?

Mafuta ya taa, brashi ya meno na subira. Vua mbao zote kwanza. Loweka bolti na magazini kwa saa kadhaa kwenye kopo, sugua, pangusa, kisha paka mafuta mepesi ya mashine mara moja, maana mafuta ya taa huacha chuma uchi. Petroli isitumike: ikiwa karibu na jiko la makaa haihitaji cheche kubwa. Kwa mbao, zifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki pamoja na magazeti, uziweke juani saa sita mchana. Jua la Kisumu hutoa jasho la grisi ndani ya mchana mmoja. Nakuru huenda ukahitaji siku mbili tatu. Usizioshe kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, zitajikunja.

Chemba ipewe brashi yake. Bolti nyingi za Mosin zinazosemwa ni mbovu zina grisi iliyoganda chemba tu. Risasi chache zikiipasha moto, ganda linang'ang'ania.

Nimepata risasi za kijeshi za zamani. Zina ubaya?

Fataki nyingi za zamani huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na kutu huanza usiku uleule. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu. Dawa ni maji. Ukirudi kutoka renji, toa bolti, weka faneli nyuma ya mtutu huku mdomo ukielekea kwenye ndoo, upitishe lita moja ya maji yaliyochemka. Moto wa maji hukausha chuma wenyewe. Pitisha vitambaa vikavu mpaka vitoke vyeupe, kisha mafuta. Osha uso wa bolti pia. Kesho yake pitisha kitambaa tena. Kikitoka na rangi ya chungwa, rudia.

Ukivuta triga risasi isilie, usifungue bolti. Elekeza mtutu kwenye shabaha kwa nusu dakika. Fataki kuukuu huchelewa.

Risasi mpya za kiraia, kama za Prvi Partizan au Sellier & Bellot, hazina chumvi hiyo na hupiga sawasawa zaidi. Kwa shabaha, nunua hizo.

Ni marekebisho gani yanayoongeza usahihi kweli?

Mbao. Watu huanza na darubini au triga kwa sababu zinaonekana, lakini No. 4 hupotea au huokolewa na jinsi chuma kinavyolala kwenye ubao wa mbele.

Mtutu unatakiwa uguse ubao sehemu mbili tu: nyuma, pale unene wa chemba unapoishia, na mbele kabisa karibu na mdomo. Katikati uelee. Pitisha noti ya shilingi hamsini kati ya mtutu na ubao. Inapokwama, ubao umevimba au umejikunja. Kwaruza hapo kidogo kidogo kwa msasa uliozungushiwa kijiti cha mviringo, usiongeze kitu.

Mbele, ubao lazima ubebe mtutu kwa kuusukuma juu. Hapa mizani ya kuning'iniza, ileile wauza samaki wa Dunga wanayopimia ngege, ni chombo halali. Funga bunduki kwenye gango lenye kitambaa, ukiwa umeondoa kifuniko cha juu, funga kamba mtutuni karibu na mdomo, uvute juu mpaka mwanga uonekane kati ya chuma na ubao. Kipimo kiwe kati ya kilo 0.9 na 3.2, yaani ratili 2 hadi 7. Kikiwa chini ya hapo, ubao umelegea, na mara nyingi sababu haiko mbele bali nyuma.

Nyuma kuna vikalio viwili vya mbao vinavyopokea teke lote la bunduki. Mafuta ya miaka themanini huvilainisha vikabonyea, na hapo chuma hurudi mahali tofauti kila risasi. Paka masizi ya koroboi kwenye chuma, funga ubao, kaza skrubu ya mbele, fungua tena. Masizi yakihamia upande mmoja tu, umepata ugonjwa. Tiba ni kubandika vipande vyembamba vya mbao ngumu kwa gundi ya epoksi, kisha kuvikwangua mpaka pande zote mbili ziguse sawa. Mvule mkavu unafaa. Mkaratusi hujipinda, usiujaribu.

Mwisho, mafuta ya linsidi, yale mabichi, kwa kitambaa, tabaka jembamba sana, lipe siku kadhaa likauke kabla ya jingine. Matabaka matano yanatosha. Vitambaa vilivyotumika vianikwe nje vikiwa vimekunjuliwa: vikirundikwa kwenye pipa vinaweza kujiwasha vyenyewe.

Baada ya hayo, bunduki iliyokuwa ikitawanya risasi kwa sentimita 20 kwenye mita 100 inaweza kushuka hadi 8 au 10. Ukipata 6 kwa vilengeo vya chuma, acha kugusa chochote.

Triga ni nzito. Ilegezwe?

Isafishwe, isilegezwe. Triga hii ina hatua mbili kwa makusudi: ya kwanza kama kilo 1.4 hadi 1.8, ya pili 2.3 hadi 3. Pima kwa mizani ileile. Ikizidi, mara nyingi ni grisi au kutu. Kung'arisha nyuso zinazokutana ni kazi ya fundi, na pembe zake zisibadilishwe. Triga iliyonolewa nyumbani hufyatuka bolti ikifungwa kwa nguvu.

Inapiga juu sana kwenye mita 100. Imeharibika?

Haijaharibika. Tundu la kijeshi limepimwa kwa yadi 300, kwa hiyo karibu zaidi ya hapo risasi itapita sentimita 15 hivi juu ya unapolenga. Badilisha kilengeo cha mbele. Vilitengenezwa kwa kimo kinachopishana inchi 0.015, na kila hatua huhamisha risasi takriban sentimita 5 kwenye mita 100. Kirefu zaidi hushusha risasi. Watu hukosea hapa kila wiki.

Unapopima, egemeza ubao kwenye mfuko wa mchanga mbele kidogo ya magazini. Usiegemeze mtutu wenyewe, vinginevyo kazi yote ya mbao hapo juu imekwenda bure. Piga risasi tano, subiri mtutu upoe kiasi cha kushikika, piga tano nyingine, ndipo uguse kilengeo.

Na darubini?

Tumia kishikio kinachofungwa kwenye nafasi ya kilengeo cha nyuma bila kutoboa chuma. Si imara kama cha skrubu nne, na kinahitaji kukazwa mara kwa mara, lakini kinaondoka bila kuacha jeraha. Mwili wa No. 4 uliotobolewa hauzibiki, na thamani yake huanguka siku hiyo. Darubini ikiwa juu ya bolti, huwezi tena kupakia risasi tano kwa klipu. Utapakia moja moja.

Kwa Mosin na Mauser za mpini ulionyooka, darubini ya chini hudai mpini upindwe. Hapo ndipo watu hupeleka bolti kwa mchomeleaji wa jua kali. Moto wake ukifika kwenye meno yanayofunga bolti, chuma hupoteza ugumu wake na huwezi kuona kwa macho.

Nikate mtutu iwe nyepesi?

Hapana. Utapoteza kile kibebeo cha mbele, kilengeo, kasi ya risasi, na utajitafutia maswali ya polisi.

Magazini inakwama risasi ya pili au ya tatu.

Ukingo wa risasi ya juu lazima ukae mbele ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Ukipakia kinyume, ya juu huburuta ya chini. Kama upakiaji ni sahihi na bado inakwama, angalia midomo ya magazini: hupinda bunduki ikianguka. Magazini zililinganishwa na bunduki moja moja, kwa hiyo ya kukopa inaweza kukataa bila kuwa mbovu.

Naishi Kisumu, renji iko mbali upande wa juu. Kuna tofauti?

Kwa mita 100, tofauti ya mwinuko kati ya Kisumu, mita 1,130 hivi, na Nakuru, karibu 1,850, hutaiona kwenye karatasi. Ubao ndio unaohisi safari. Ukitoka kwenye unyevu wa ziwa ukakaa wiki kadhaa pakavu, ubao hunywea na ule msukumo wa mbele hubadilika. Pima kwa mizani kabla ya kulaumu vilengeo. Vumbi la bondeni, hasa jeupe la upande wa Gilgil, ni kali: futa bolti ikauke kabisa siku ya renji, maana mafuta mengi hulikusanya likawa tope la kusagia. Kando ya ziwa fanya kinyume: paka mafuta, pangusa kila wiki, na usiihifadhi ndani ya mkoba wa kitambaa uliofungwa. Iwe kwenye kabati la chuma lililofungwa, bolti imetolewa, risasi zikiwa zimefungiwa mahali pengine.